Kosa Lisiloonekana: Mafunzo ya Wateknolojia wa Mionzi katika Zama za Picha za Kidijiti

Mafunzo ya wateknolojia wa mionzi, yaani wataalamu wanaopiga picha za eksirei na siti skani ili daktari aweze kuona yaliyomo ndani ya mwili, yalijengwa kwa miongo mingi juu ya filamu, na filamu ilikuwa mwalimu mkali. Mionzi ilipozidi, picha ilitoka nyeusi, na ilipopungua ilitoka hafifu na nyeupe, hivyo mwanafunzi aliliona kosa lake muda mfupi baada ya kulitenda na msimamizi wake hakuweza kulipuuza. Teknolojia ya kidijiti imeleta manufaa makubwa, lakini imemwondoa mwalimu huyo bila kumweka mwingine mahali pake. Makala haya yanatetea hoja kwamba kadiri mitambo inavyozidi kuficha makosa ya mpigaji picha, ndivyo vyuo vinavyopaswa kupima na kukuza uamuzi wa mwanafunzi badala ya kuridhika na uzuri wa picha anayoitoa.

Kiini cha tatizo ni namna kigunduzi cha kidijiti, yaani bapa linalopokea mionzi iliyopenya mwilini, kinavyofanya kazi. Kigunduzi hiki hupokea viwango vya mionzi vinavyotofautiana sana, kisha kompyuta husawazisha weusi na weupe kabla picha haijafika kwenye skrini. Dozi ikiwa ndogo mno, picha hujaa chengachenga na daktari hulalamika, ilhali dozi ikizidi picha huwa laini na safi, wala hakuna anayelalamika. Katika mazingira hayo mwanafunzi hufundishwa na mtambo wenyewe, pasipo neno kutamkwa, kwamba usalama wa kazi yake umo katika kuongeza mionzi. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, iliyoanzishwa mwaka 1928, ilitahadharisha katika chapisho lake la mwaka 2004 kwamba mfumo wa kidijiti unaweza kupandisha dozi za wagonjwa bila wahudumu kutambua.

Uzito wa jambo hili hueleweka zaidi mtu anapotazama misingi mitatu ya kinga dhidi ya mionzi ayonisha, yaani mionzi yenye nishati ya kutosha kung'oa elektroni katika atomu na hivyo kuweza kudhuru chembe hai. Msingi wa kwanza ni uhalalishaji, unaotaka kila kipimo kiwe na faida inayozidi madhara yake. Wa pili ni uboreshaji, unaotaka dozi isizidi ile inayohitajika kupata jibu la kitabibu. Na wa tatu ni ukomo wa dozi. Mfanyakazi amewekewa ukomo wa wastani wa milisivati 20 (milisivati ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi) kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, pasipo mwaka wowote kuzidi 50, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 hadi 18 hapaswi kuzidi milisivati 6 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida milisivati 1. Mgonjwa hana ukomo wa namna hiyo, kwa sababu mahitaji ya matibabu hutofautiana, na kumnyima kipimo anachokihitaji kunaweza kumdhuru zaidi kuliko mionzi yenyewe. Maana yake ni kwamba, baada ya daktari kuhalalisha kipimo, kinga ya mgonjwa huyo chumbani hutegemea kwa kiasi kikubwa uamuzi wa mteknolojia.

Wapo wanaoweza kudai kwamba mitambo ya kisasa imepunguza umuhimu wa uamuzi huo, kwa kuwa ina vidhibiti vinavyokata mionzi vyenyewe pindi kiasi cha kutosha kinapofika kwenye kigunduzi. Dai hilo lina ukweli, lakini linasahau kwamba kidhibiti hupima tu kile kilichowekwa mbele yake. Kiungo bandia cha chuma kikifunika vihisi, mtambo huendelea kumimina mionzi ukidhani haitoshi, na mgonjwa wa siti skani asipolazwa katikati ya duara la mashine, picha ya awali inayotumika kupanga dozi humwonyesha mkubwa au mdogo kuliko alivyo, na dozi hupangwa kwa kipimo hicho cha uongo. Kwa hiyo kidhibiti hakimwondolei mteknolojia wajibu wa kufikiri, bali kinausogeza mbele hadi kwenye hatua ya kumlaza mgonjwa na kuandaa kipimo.

Mabadiliko yanayohitajika yanaanzia kwenye utaratibu wa kufundisha. Mwanafunzi anapaswa kutamka mapema, kabla ya kubonyeza kitufe, ni kilovolti ngapi atakazotumia, eneo la mwale atalibana kwa upana gani na kwa nini, ili matokeo yalinganishwe na hoja yake. Baada ya picha kutoka, asome kielezo cha mkengeuko, ambacho ni namba inayoonyesha tofauti kati ya mionzi iliyofika kwenye kigunduzi na ile iliyolengwa. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2008, sufuri ni shabaha kamili, +3 ni takribani mara mbili ya mionzi iliyolengwa, na -3 ni takribani nusu yake. Namba hii ndiyo inayoweza kurudisha sauti ya filamu iliyonyamaza, ingawa lazima ifundishwe pamoja na mipaka yake, kwa kuwa hupima mionzi iliyofika kwenye kigunduzi na si dozi aliyoipata mgonjwa, na hata mwale uliobanwa vibaya huweza kuipotosha.

Picha zilizokataliwa nazo zinastahili nafasi rasmi darasani. Zama za filamu, picha mbovu zilirundikana kwenye sanduku na zikahesabika, lakini leo picha huweza kufutwa kwa mguso mmoja na mgonjwa akapigwa nyingine pasipo kumbukumbu. Chuo kinachowataka wanafunzi kuhifadhi na kuainisha marudio yao, iwe ni kwa sababu ya mkao mbaya, mgonjwa kutikisika au mionzi isiyofaa, huwapa ushahidi wa udhaifu wao wenyewe, mradi kumbukumbu hizo zitumike kufundisha wala si kuadhibu, kwa maana mwanafunzi anayeogopa adhabu atajifunza kufuta haraka zaidi.

Nchini Tanzania hoja hii ina uharaka wa pekee. Hospitali za rufaa za mikoa zimepokea siti skani na eksirei za kidijiti, zikiwemo zilizogharimiwa na fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hukagua mitambo na kufuatilia dozi za wafanyakazi. Ukaguzi huo ni wa lazima, lakini hauwezi kusimama kando ya kila mgonjwa. Mitaala ya stashahada tayari imejengwa juu ya umahiri, yaani uwezo wa kutenda kazi kwa kiwango kinachokubalika, na umahiri huo hauthibitishwi kwa idadi ya picha zilizojazwa kwenye kitabu cha mazoezi.

Inafaa, kwa hiyo, mtihani wa mwisho wa vitendo umpime mwanafunzi kwa sababu alizotoa kabla ya kupiga picha, kwa mkengeuko wa mionzi yake na kwa maelezo ya marudio yake, na msimamizi wa hospitalini anayemfundisha atengewe muda rasmi wa kazi hiyo badala ya kuifanya katikati ya foleni ya wagonjwa. Serikali inayonunua mtambo bila kugharimia muda wa msimamizi huyo imenunua uwezo wa kupata picha safi, lakini haijamhakikishia mgonjwa kwamba picha hiyo ilipatikana kwa dozi aliyostahili.