Damu Ikijibu: Vipimo vya Mama Mjamzito Huku Rwenzori

Mwaka 1907 Waingereza walimtuma Uganda daktari wa jeshi, Kanali F. J. Lambkin, aje kuchunguza kaswende. Mwaka uliofuata maandishi yake yakachapishwa kwao: eti katika Buganda watu kama 80 kati ya 100 wana huo ugonjwa, na ndio unaoua watoto, wengine wakiwa tumboni, wengine wachanga. Sababu aliyoitoa ndiyo iliniudhi zaidi. Alisema wanawake wamepata uhuru mno tangu dini mpya ilipoingia na adhabu za zamani kuondolewa. Yaani shida ni akina mama kutembea.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu mimi ni mkalimani kwenye kliniki ya wajawazito hapa Bwera, na lile jambo la Lambkin nimelisikia kwenye benchi letu mwaka huu, limesemwa na mwanaume ambaye hajawahi kusikia jina lake. Mke wake alipimwa, damu ikajibu, na yeye akasema papo hapo: "Ulitembea."

Wanaoijua Bwera wanajua tunavyoishi. Mpondwe iko hapo chini, mto Lhubiriha unapita, ng'ambo ni Kasindi. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule wanasikilizana bila mkalimani, maana lugha ni moja na mpaka ndio uliowakuta. Akina mama wanavuka kuja kujifungua, wengine wamekimbia vita upande wa Beni na wanasubiri kupelekwa kambini, wengine wamepanga vyumba mjini Kasese. Kule Congo tunaita kliniki hiyo CPN, huku wanaita antineto. Kazi yangu inaanza pale Kinande na Lhukonzo vinapoishia: kuna Mhema, kuna Mlendu, kuna mama wa Bukavu anayejua Mashi na Kiswahili tu, na kuna nesi kutoka Kampala anayejua Kiingereza na Kiganda.

Basi turudi kwa kaswende. Wakati Lambkin anaandika, kipimo cha damu kilikuwa kipya kabisa. August von Wassermann na wenzake walikitoa Berlin mwaka 1906. Ajabu ya kipimo kile ni kwamba hakikumtafuta mdudu wa kaswende. Kilitafuta alama ambayo mwili unaiacha kwenye damu ukiwa unapigana. Mwanzoni walitumia ini la mtoto aliyekufa tumboni kwa kaswende, wakidhani lazima itoke kwa mgonjwa, halafu ikaonekana hata moyo wa ng'ombe mzima unafanya kazi ileile. Maana yake ni nini? Maana yake damu ilikuwa inajibu swali lingine, siyo lile tuliloliuliza.

Na huku kwetu kulikuwa na ugonjwa unaotoa jibu lilelile: buba. Mdudu wa buba na mdudu wa kaswende ni ndugu wa tumbo moja. Buba wanaipata watoto kwa kugusana ngozi wakicheza, inatoa vidonda miguuni na usoni, haina habari na mambo ya kitandani. Lakini ukipima damu ya mtu aliyewahi kuugua buba, inajibu kama ya mwenye kaswende. Malaria pia iliweza kukidanganya kipimo cha namna hiyo. Hata mimba yenyewe, bila ugonjwa wowote, mara nyingine inakidanganya. Fikiria hapo: kipimo cha kumlinda mjamzito, na mimba ni kati ya vitu vinavyokichanganya!

Mulago, ile hospitali kubwa ya Kampala, ilianza mwaka 1913 katika kampeni hiyo ya magonjwa ya zinaa. Wanawake walikaguliwa kwa lazima, watu wakalalamika sana, na wengi walichomwa dawa za zebaki na za aseniki, dawa ambazo zenyewe ni sumu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Mulago, J. N. P. Davies, akaandika historia ya jambo hilo, akasema sehemu kubwa ya ugonjwa ule haikuwa ya zinaa hata kidogo, ilikuwa ya aina inayoshika watu utotoni. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita. Wale akina mama walioitwa wahuni hakuna aliyewafuata kuwaambia.

Sasa yule mama wa benchi. Alikuwa na miezi saba. Kipimo cha haraka tunachotumia siku hizi, kile kijiti kimoja kinachopima HIV na kaswende pamoja, kwa upande wa kaswende kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na mdudu wa familia hiyo. Askari hao hawastaafu. Mtu akitibiwa akapona kabisa, kipimo hicho kwa kawaida kitaendelea kujibu miaka yote. Huyo mama alichomwa penisilini kule Congo kwenye mimba ya pili, akiwa na karatasi, na karatasi ikaungua na nyumba. Kituo kimoja alichopitia njiani kilimwandikia jibu na kumpa kadi bila kumuuliza lolote, mbele ya mume. Hapo ndipo neno "ulitembea" lilipozaliwa.

Nesi wetu alifanya alichotakiwa kufanya. Alimchoma sindano ya benzathini, kwa sababu mtoto tumboni hawezi kusubiri watu wazima wamalize kubishana, na sindano hiyo ikiwa si ya lazima hasara yake ni maumivu ya siku moja kwa mtu asiye na mzio, lakini kaswende ya kweli ikiachwa inaweza kumuua mtoto. Akaagiza kile kipimo cha pili kinachopima nguvu ya ugonjwa kwa namba, ambacho hushuka mtu akipona. Akamwita mume naye apimwe. Mume alikataa siku hiyo. Alirudi baada ya siku tisa, peke yake, akapimwa, akaondoka bila kuniambia jibu, na mimi si kazi yangu kuuliza. Mama anaendelea kuja. Anakuja na dada yake.

Kuna watu wa mashirika wanaoniuliza kwa nini akina mama wanaogopa kupimwa wakati dawa zipo. Naomba waangalie HIV. Kabla ya dawa, mama mwenye virusi akiwa mjamzito, hatari ya kumwambukiza mtoto ilikuwa kati ya 15 na 45 kwa 100, kufuatana na anavyonyonyesha. Kupimwa wakati huo ilikuwa kupewa habari mbaya na kurudishwa nyumbani nayo. Mwaka 1999 ikatoka habari kutoka Mulago hiyohiyo: kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na matone kwa mtoto, kilishusha maambukizi hadi 13 kwa 100 watoto walipofika kama miezi mitatu na nusu, wakati waliopewa dawa ya AZT kwa muda mfupi walikuwa 25. Mwaka 2012 Uganda ikachukua utaratibu wa kila mjamzito mwenye virusi kuanza dawa na kuendelea nazo maisha yote, bila kusubiri kinga ishuke. Kwa mama anayemeza vizuri, hatari sasa iko chini ya 5 kwa 100. Kipimo ni kilekile, damu inajibu vilevile, lakini neno limebadilika uzito kwa sababu kuna kitu cha kufuata baada yake. Hilo wazee wetu walioona miaka ya tisini hawakuliona. Ndiyo maana bibi anaweza kumzuia mjukuu asiende kupimwa, na anafanya hivyo kwa mapenzi.

Halafu kuna ugonjwa ambao ni wa milima hii yetu hasa. Ukivuka Rwenzori kwenda Bundibugyo utakuta Baamba. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Allan Raper waliandika kwamba karibu Baamba 45 kati ya 100 wana alama ya selimundu, ile tunayoita SS kule Congo, ingawa SS ni mgonjwa mwenyewe na hawa wengi walikuwa AS, wabebaji tu. Ilikuwa kati ya namba kubwa kabisa zilizopata kuandikwa popote. Waliangalia tone la damu lililonyimwa hewa chini ya hadubini: chembe zikijikunja kama mundu, damu imejibu. Lakini hadubini haikutenganisha mbebaji na mgonjwa. Kutenganisha kulianza mwaka uleule, Marekani, Linus Pauling na wenzake walipoitembeza damu kwa umeme na kuona aina mbili za hemoglobini zinaachana njia. Mwaka 1954 Anthony Allison akaonyesha kwa nini alama hiyo haikufa: mtoto mbebaji anastahimili malaria kuliko wenzake. Kwa hiyo kitu kinachoonekana kama laana ya ukoo kiliwahi kuwa ngao ya ukoo.

Hesabu yake naieleza kila wiki. Baba AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS. Kila mimba. Si kwamba ukishapata mmoja watatu wanaofuata wako salama. Nafasi haina kumbukumbu. Wanaume wananisikiliza vizuri zaidi nikitumia mfano wa kamari kuliko mfano wa maharage.

Uganda ilipopima nchi nzima, matokeo yakatoka 2016: wabebaji 13.3 kwa 100, wagonjwa 0.7 kwa 100. Damu iliyotumika ilikuwa imeshachukuliwa tayari, ni yale matone yaliyokaushwa kwenye karatasi kutoka kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye HIV. Karibu watoto laki moja. Karatasi iliyotengenezwa kwa hofu moja ikajibu hofu nyingine.

Dada zetu waliopelekwa Marekani na Kanada nao wananitumia picha za karatasi zao kwa simu. Huko wanapima hatari ya mtoto kuzaliwa na hali ya Down, na jibu linakuja kama hesabu: moja kwa 100, kwa mfano, na juu yake wameandika hatari kubwa. Mmoja alilia siku tatu. Nilimwambia ahesabu akina mama mia wenye karatasi kama yake: tisini na tisa mtoto hana hali hiyo, na huyo mmoja naye ni mtoto. Kama anataka kujua kwa hakika, kuna kipimo kingine, na ana haki ya kukikataa. Zaidi ya hapo nilimwachia daktari wake.

Huku Bwera hatuna hayo. Tuna kijiti cha HIV na kaswende, hemoglobini, mkojo, malaria, na utrasaundi siku umeme ukiwepo. Na selimundu kwa mjamzito mara nyingi haipimwi mpaka mtu aulize, kwa hiyo nimewazoesha akina mama kuuliza, na waje na baba ikiwezekana.

Kuna swali lingine ambalo kwenye kadi halina nafasi, nami naliuliza damu ya kaswende ikijibu: ulipokuwa mtoto, ulitoka vidonda vya buba? Congo bado imo kwenye orodha ya nchi zenye buba, hasa kule msituni. Vijana wanashangaa, neno lenyewe hawalijui. Ila mama mkwe akiwa amekaa karibu, mara nyingi ndiye anayejibu, anataja kijiji na mwaka, na kuonyesha kovu kwenye muundi wake mwenyewe.