Nyumba ya Umma: Bia Hai, Saida na Mlango wa Pabu ya Kiingereza

Jina kamili la pabu ni nyumba ya umma. Ndivyo Waingereza walivyoiita kwa muda mrefu kabla ulimi haujalikata jina hilo na kulifanya silabi moja. Ajabu ni kwamba neno lililoota mizizi kwetu ni jingine. Miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki ilijua zaidi klabu, yaani mahali pa wanachama, penye bawabu mlangoni na daftari la majina. Na hata leo, Tanzania, mahali pa kunywea pombe ya kienyeji huitwa kilabu ingawa hapana mwanachama wala daftari. Kwa Mswahili anayeishi Uingereza, hasa akiwa Mwislamu, pabu ni jengo analopita mbele yake kila siku na ambalo huenda asiliingie umri wake wote. Historia yake inamhusu hata hivyo, kwa sababu swali lililobishaniwa humo kwa karne nyingi ni swali la mgeni yeyote: umma ni nani?

Tuanze nje, kwenye ubao unaoning'inia juu ya mlango. Mwaka 1393, katika enzi ya Mfalme Richard wa Pili, iliamriwa kwamba anayepika bia ya kuuza atundike alama mbele ya nyumba yake. Kumvutia mnywaji hakukuwa shabaha ya amri hiyo. Ilikusudiwa mwonjaji wa mji ajue pa kuingia. Mwonjaji huyo alikuwa ofisa aliyeapishwa. Alionja, alikagua vipimo na kuwashitaki waliopunja. John Shakespeare, baba wa mtunzi wa tamthilia, alishika kazi hiyo mjini Stratford mwaka 1556. Sisi tulioambiwa tangu utotoni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji hatuhitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo ilikuwapo.

Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ilikuwa picha. Ayala Mweupe, nembo ya Richard mwenyewe, angali akining'inia katika miji mingi, na Simba Mwekundu vivyo hivyo. Lakini kuna picha ambazo mpita njia wa asili yetu huzitazama kwa jicho jingine. Moja ni Kichwa cha Msarasini. Wasarasini ni jina ambalo Wazungu wa enzi za Vita vya Msalaba waliwaita Waarabu na Waislamu kwa jumla. Ubao huonyesha kichwa chenye kilemba, bila kiwiliwili. Nyingine ni Mvulana Mweusi. Januari 2021 kampuni ya Greene King ilitangaza kuwa itabadili majina ya pabu zake nne, tatu kati yake zikiwa na jina hilo. Miezi michache kabla yake, Juni 2020, kampuni iyo hiyo ilikuwa imeomba radhi hadharani kwa kuwa mwasisi wake, Benjamin Greene, aliyeanza kupika bia Bury St Edmunds mwaka 1799, alimiliki watumwa katika visiwa vya Karibi na akadai fidia utumwa ulipokomeshwa. Fidia hiyo walilipwa mabwana. Watumwa hawakulipwa kitu.

Ni kampuni hiyo inayouza bia katika jengo ambalo ningemshauri msomaji aliyeko London alitazame, hata akiwa haingii kunywa. The George, kule Southwark, kusini ya mto Thames, ni nyumba ya wasafiri iliyojengwa upya baada ya moto ulioteketeza mtaa huo mwaka 1676. Ina ua, na juu ya ua baraza za mbao zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe hatalazimika kujikaza sana ili aone jinsi wageni walivyoegemea humo wakitazama farasi wakifunguliwa chini. Zamani baraza hizo ziliuzunguka ua. Kampuni ya reli ilizibomoa za pande nyingine mwaka 1889, ukabaki upande mmoja, ambao tangu 1937 umo chini ya hifadhi ya National Trust. Jirani yake ndipo palipokuwa na Tabard, nyumba ambamo Chaucer aliwakutanisha mahujaji wake.

Ndani ya pabu hapana mhudumu wa kukufuata mezani. Mteja huenda mwenyewe kaunta, hungoja zamu yake bila foleni yoyote inayoonekana, na hulipa papo hapo. Juu ya kaunta husimama mikono mirefu ya mbao, kila mmoja ukiwa na kibao cha jina la bia. Mwenye pabu huuvuta taratibu, mara mbili au tatu, na bia hupanda kutoka ghalani, chini ya sakafu, kwa nguvu ya mkono tu, bila kusukumwa na gesi. Kipimo ni painti, yaani mililita 568.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Husema bia ya Waingereza ni ya uvuguvugu na imechacha. Bia hii, ambayo wenyewe huiita eli, hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi za Selsiasi, baridi ya mtungi wa maji kwenye kivuli. Na kuhusu kuchacha, haijamaliza. Hupikwa kwa kimea cha shayiri, maji, hamira na maua ya hopsi, kisha hutiwa katika pipa hali hamira ingali hai, na huko ghalani huendelea kuumuka kwa mara ya pili. Utando wa kibofu cha samaki hutiwa ili masimbi yazame chini. Mwenye pabu hulitoboa pipa, hulipumzisha, huonja, hungoja. Na likishaanza kunywewa lina siku chache tu kabla hewa haijaiharibu bia. Mtu wa pwani ana mfano wake tayari. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri huwa tamu, jioni huwa kali, na kesho yake huelekea siki. Kwa vinywaji hivi viwili wakati ni kiungo, na stadi ni anayejua saa ya kukiuza kinywaji chake.

Stadi hiyo nusura ipotee. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikubwa vilimeza vidogo, navyo vikaona faida katika bia iliyochujwa, ikauawa hamira yake kwa joto, ikafungiwa katika mapipa ya chuma na kusukumwa kwa gesi. Bia hiyo haikuhitaji mjuzi ghalani, ilisafiri kokote, na ladha yake ilikuwa moja toka kusini hadi kaskazini. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa likizoni katika kijiji cha Dunquin, magharibi kabisa mwa Ireland, walianzisha chama cha kuitetea eli hai. Ndicho CAMRA. Kuanzia 1974 kilikuwa kikitoa kitabu cha kila mwaka cha pabu zenye bia njema. Sina budi kusema kwamba kile tunachokiita pabu ya asili, yenye mikono ya mbao na mapipa hai, kipo leo kwa sababu ya kampeni hiyo ya wanunuzi wenye hasira. Asili ilihitaji wanachama, ada na majarida ili iendelee kuwa asili. Wanaohangaikia lugha zetu ughaibuni watalielewa hilo.

Kampeni hiyo hata hivyo huitazama zamani ya viwanda vidogo vya wanaume, na kuna zamani kongwe zaidi. Katika karne ya 14 wapikaji walikuwa zaidi wanawake, waliopika nyumbani kiasi kidogo na kuuza ziada. Eli ya wakati huo haikuwa na hopsi na iliharibika baada ya siku chache. Hopsi ilipoingia kutoka Uholanzi na jirani zake katika karne ya 15, bia ikaweza kuwekwa na kusafirishwa. Biashara ikadai mtaji, mitambo na mikopo, vitu ambavyo mwanamke hakupewa, na katika karne mbili zilizofuata akasukumwa pembeni. Anayekumbuka jinsi bia ya chupa ya kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1922 ilivyopata leseni na heshima, huku mama mwenye busaa akikimbizwa na askari, ataona jambo lenyewe halina ugeni wowote.

Saida ni kisa cha shamba. Ni kinywaji cha maji ya matufaha yaliyopondwa, yakakamuliwa na kuachwa yaumuke. Makao yake ni magharibi na kusini magharibi ya Uingereza: Herefordshire, Somerset, Devon. Matufaha yake hayaliki. Ni madogo, makali, yenye kukausha ulimi kama ndizi mbichi. Mwaka 1763 serikali iliyokuwa na madeni ya vita iliitoza saida shilingi nne kwa kila pipa kubwa, na kuwapa watoza kodi ruhusa ya kuingia majumbani mwa wakulima kulikagua. Wakulima waliandamana, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1766. Mwaka uliofuata tabibu George Baker alieleza chanzo cha msokoto wa tumbo uliowatesa watu wa Devon kwa muda mrefu: risasi iliyotumiwa katika vinu vya kukamulia ilikuwa ikiingia katika saida. Wenye mashamba hawakufurahi kuambiwa hivyo.

Lakini kwangu jambo zito zaidi ni la mshahara. Vibarua wa mashamba hayo walilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida. Mtu alikwenda kuvuna na kijipipa chake kiunoni, kikajazwa na bwana shamba, na thamani yake ikahesabiwa kuwa malipo. Mwenye watoto watano hakuweza kuwapelekea saida wale. Bunge lilipiga marufuku malipo ya namna hiyo mwaka 1887. Leo chupa za saida hupambwa kwa picha za wavunaji wenye furaha chini ya miti iliyochanua.

Serikali nayo haikuacha kuingia na kutoka pabuni. Kuanzia 1552 muuzaji alitakiwa kupata kibali cha mahakimu. Mwaka 1830, kwa hofu ya jini iliyokuwa ikiwaua maskini, mlango ulifunguliwa wazi: mlipa kodi yeyote aliweza, kwa gini mbili kwa mwaka, kuuza bia sebuleni mwake, na maelfu wakafanya hivyo. Vita vya 1914 vikaufunga tena. Saa za alasiri zikakatazwa ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha warudi kazini, na mwaka 1915 ikawa kosa, katika maeneo yaliyowekwa chini ya usimamizi, kumnunulia mwenzako kinywaji. Sheria hiyo ya mwisho ilikufa pamoja na vita. Ile ya alasiri ilidumu hadi 1988, mashine za vita zikiwa zimenyamaza zamani.

Na umma? Pabu ya enzi ya Victoria iligawanywa kwa kuta za mbao na vioo visivyopenyeka macho. Upande mmoja ulikuwa wa vibarua, wenye mabenchi na bei nafuu. Mwingine ulikuwa na zulia na senti ya ziada. Kulikuwa na kijichumba cha wanawake, na mara nyingi kila upande ulikuwa na mlango wake. Ramani hiyo ya tabaka ilikuwa tayari kupokea mstari mwingine.

Mwaka 1943, katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, makamanda wa jeshi la Marekani walitaka pabu ziwatenge askari wao weusi. Husimuliwa kuwa pabu za hapo zilijibu kwa kubandika vibao vya kuwakaribisha askari weusi peke yao. Usiku wa Juni 24 ugomvi wa askari hao na polisi wao wa kijeshi, ulioanzia penye pabu ya Ye Olde Hob Inn, uligeuka mapigano ya risasi, na askari William Crossland akauawa. Kisa hiki Waingereza hupenda kukisimulia, na wana haki. Kile cha miaka ishirini baadaye hukisimulia kwa sauti ndogo. Wahamiaji kutoka Karibi, India na Afrika walipofika kama raia, pabu nyingi ziliwafungia mlango, au ziliwaruhusu upande wa mabenchi na kuwakatalia wa zulia. Mwaka 1964, mjini Bristol, Paul Stephenson aliamriwa kutoka katika pabu ya Bay Horse. Aligoma, akakamatwa, akashitakiwa, na mahakimu wakamwachia. Kesi yake ilisaidia kuleta Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1965, iliyozitaja hoteli, mikahawa na pabu. Ajira na nyumba zilingoja hadi 1968, kwa hiyo kwa miaka mitatu mtu mweusi alikuwa na haki ya kuuziwa bia kabla ya kuwa na haki ya kupangishwa chumba.

Februari 12 ya mwaka huo wa 1965, Malcolm X alizuru Smethwick, karibu na Birmingham, kwa mwaliko wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi. Avtar Singh Jouhl, kiongozi wa chama hicho, alimpeleka katika pabu ya Blue Gates. Katika chumba cha zulia walikataliwa kuhudumiwa. Malcolm alikuwa Mwislamu asiyegusa kileo. Siku tisa baadaye aliuawa New York.

Smethwick na West Bromwich leo zina pabu zinazoendeshwa na Wapunjabi, watoto na wajukuu wa wafua chuma waliokuwa wakikataliwa. Red Lion ya West Bromwich ina madirisha ya vioo vya rangi, mfano wa yale ya makanisani, yanayosimulia kisa cha wahamiaji hao. Jikoni huchomwa nyama za makaa zisizo mbali na mishkaki yetu, na watu wengi huja kula tu.