Gazeti, tini na nyigu

Juzi nimemfokea mtu bure. Kabla sijaenda kumwomba radhi, acha nikusimulie kisa chenyewe, maana kimenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Uani kwa wazazi wangu, Mbezi, nina mtini. Nilinunua mche kwa kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara, ukiwa na urefu wa goti tu. Mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza, vitunda kama 15 hivi vya kijani. Nikaanza kutamba ofisini kwamba nitawaletea tini. Wapi! Niliporudi safari ya kikazi Mtwara, siku chache tu baadaye vyote vilikuwa chini, vimesinyaa. Nikaenda moja kwa moja kwa yule kijana nikamwambia ameniuzia mti feki. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, maji unamwagiliaje?" Nikaona ananizungusha. Nikaondoka nimenuna.

Usiku huo nikaanza kusoma habari za mitini, nia yangu ikiwa kutafuta ushahidi wa kumbana. Badala yake nikakutana na kisa cha gazeti. Na kwa kuwa mkate wangu unatoka gazetini, nikakaa nikakisoma hadi mwisho.

Karne ya 19, tini kavu bora duniani zilikuwa zinatoka Smyrna, mji wa Uturuki ambao leo unaitwa Izmir. Kule California, Marekani, mitini ilikuwepo tangu wamisionari wa Kihispania walipoingia San Diego mwaka 1769, lakini tini zao hazikufua dafu mbele ya zile za Smyrna. Wakulima wakajiuliza: jua tunalo, ardhi tunayo, kwa nini tusipande mti wenyewe?

Gazeti la San Francisco Bulletin likaamua kuwasaidia. Meneja wake, Gulian Rixford, kwa kupitia balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Smyrna, akaagiza vijiti vya mtini, kwa sababu mtini hupandwa kwa kukata kijiti na kukichomeka ardhini, kama tunavyopanda mihogo. Kazi hiyo ilianza mwaka 1880, na katika miaka miwili iliyofuata viliingia vijiti kama 14,000, vikagawiwa kwa wasomaji wa gazeti. Hebu fikiria, unalipia gazeti lako unapewa na shamba!

Vijiti vikashika na miti ikakua vizuri. Ikazaa vitunda vingi, kisha vikapukutika vyote vikiwa vidogo. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na mwingine hivyo hivyo. Unajua wakulima walisemaje? Walisema Waturuki wamewatapeli kwa kuwapa miti isiyofaa ili kulinda biashara yao. Nilipofika hapo nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetapeliwa. Mtini wa Smyrna ni jike. Maua yake hayaonekani kwa sababu yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na yasipopata chavua tunda haliivi. Chavua hiyo inatoka kwenye mtini dume wa mwituni, ambao matunda yake hayaliki, na anayeibeba ni nyigu mmoja mdogo mwenye urefu wa milimita mbili hivi. Nyigu jike huzaliwa ndani ya tunda la mtini dume, hutoka akiwa amejipaka chavua, kisha hupenya katika tundu dogo la tini ya Smyrna akitafuta pa kutaga. Tundu ni finyu kiasi kwamba mabawa hukatika. Ndani hawezi kutaga kwa sababu maua hayo hayamfai, basi anafia humo. Lakini chavua ameshaiacha, na tunda linaiva.

Wakulima wa Smyrna hawakuwa na darubini, lakini kila msimu walikuwa wanatungika matunda ya mtini dume kwenye matawi ya miti yao. Wala haikuwa siri. Aristotle na mwanafunzi wake Theophrastus waliandika habari za desturi hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Kule California, mtaalamu Gustav Eisen alipoeleza kwamba bila mtini dume na nyigu wake hawatapata kitu, wapo waliomdhihaki. Wasomi wengi wa zama zile waliona habari ya kutungika matunda mtini ni ushirikina wa wakulima wasiosoma. Kwa hiyo walichukua kijiti cha mkulima wakaacha maarifa yake.

Aliyewaokoa ni ukaidi wa familia moja ya Fresno, akina Roeding. Mwaka 1886 baba, Frederick, alimtuma msimamizi wake wa shamba hadi Smyrna akajionee. Miaka michache baadaye mwanawe George akaingiza chavua kwa mkono katika tini chache, na zile zile tu ndizo zilizoiva. Hapo ubishi ukaisha. Lakini nyigu mwenyewe alikuja kushika makazi mwaka 1899, baada ya mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Walter Swingle, kumtuma kutoka Algeria. Tini zile zikabatizwa jina jipya, Calimyrna, yaani California na Smyrna kwa pamoja.

Hesabu mwenyewe, kutoka 1880 hadi 1899 ni miaka 19. Sitaki kuwahukumu watu wa Bulletin. Walitaka mema, na kwa kusafirisha vijiti hawakukosea. Lakini swali la kwanza lilipaswa kuwa lile la kawaida kabisa: ninyi wenye mti, huwa mnaufanyaje? Swali hilo ndilo kazi yangu ya kila siku. Na mimi juzi niliulizwa swali na mtu anayeijua miche, nikamwona mjanja.

Asubuhi yake nikaenda kwa mzee jirani yetu, ambaye ana bustani nzuri kuliko ya mtu yeyote mtaani. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, mti wako hauhitaji mdudu. Mitini mingi ya nyumbani inaiva yenyewe. Tatizo ni wewe. Umeuacha siku kumi bila tone la maji kwenye jua hili, umerudi ukaumwagia ndoo nne kwa mkupuo. Ulitaka ufanye nini?" Akaniambia niufunike ardhini kwa nyasi kavu, niumwagilie kwa kipimo kile kile, na nikisafiri niache ndoo kwa mtu.

Kwa hiyo kijana wa miche alikuwa sahihi tangu mwanzo. Maji ninamwagiliaje? Vibaya, kaka.

Jumamosi naenda kwake kuomba radhi, na nitanunua mche mwingine. Safari hii nitamuuliza yeye kwanza.