Kaniki, Kanga na Heshima ya Mwanamke wa Pwani

Siku moja, katika kipindi cha historia, nilichukua nguo mbili nikazitandaza juu ya meza mbele ya wanafunzi wangu. Moja ilikuwa kaniki, nyeusi, isiyo na ua hata moja. Ya pili ilikuwa kanga mpya, yenye pindo pana, maua mekundu na maneno yaliyopigwa chapa kwa herufi kubwa. Niliwauliza, "Ipi katika hizi ni nzuri?" Darasa zima lilielekeza vidole kwenye kanga, na wasichana wawili waliokaa nyuma wakaicheka kaniki. Sikuwakemea. Niliwaambia tu kwamba kicheko chao kina umri mkubwa kuliko babu zao, na kwamba zamani kicheko hicho kiliwaumiza watu. Insha hii ni maelezo ya yale niliyowaeleza siku ile.

Watu wengi hudhani kwamba mapambo ya wanawake ni jambo dogo lisilostahili kuandikwa katika historia. Vita, wafalme na mikataba hupewa sura zao katika vitabu. Kanga, wanja na asumini huachiwa vyumba vya ndani. Dhana hiyo ni kosa. Katika Pwani ya Afrika Mashariki nguo ilikuwa kama hati. Katika karne ya 19, mtu aliyekutana na mwanamke njiani katika mji wa Unguja, Mombasa au Lamu aliweza mara nyingi kutambua, kwa kumtazama tu, kama ni muungwana au mtumwa, kabla hajatamka neno.

Tuanze na nguo yenyewe. Tangu miaka ya 1820 merikebu za Marekani, hasa za bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts, zilifika Unguja kununua pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akawasili Unguja. Miongoni mwa bidhaa zilizoletwa ilikuwako nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi. Watu wakaiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa toka 1861 hata 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi. Lakini jina la merikani halikufa. Kaniki ilikuwa ndugu yake: nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Ilikuwa rahisi, ilivumilia kazi, na haikuonyesha uchafu upesi. Kwa sababu hizo ilionekana kuwa nguo ya mtumwa.

Mtumwa hakuvaa alichokipenda, alivaa alichopewa. Mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu kama muungwana, na mjakazi hakuwa na ruhusa ya kujitanda kama bibi yake. Fikiri jambo hili, msomaji, maana uzito wake ni mkubwa. Stara ilihesabiwa kuwa wema wa mwanamke, kisha mwanamke mmoja akanyimwa njia ya kujistiri, halafu akadharauliwa kwa kuwa hakujistiri. Ni kweli kwamba katika nyumba za matajiri walikuwako wajakazi na masuria waliovishwa hariri na dhahabu. Lakini pambo lile lilikuwa sifa ya bwana. Halikuwa mali ya aliyelivaa.

Kwa upande wa pili walikuwako mabibi wa nyumba kubwa. Habari zao twazipata, miongoni mwa mahali pengine, katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said. Alizaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza mavazi, vito na manukato ya wanawake wa jumba la kifalme. Huko Lamu mabibi wa kiungwana walikuwa na shiraa, yaani hema la nguo lililochukuliwa na wajakazi kwa miti. Bibi alitembea ndani yake asionekane na mtu. Stara ya mwanamke mmoja ilibebwa mikononi mwa wengine waliokuwa hawana stara.

Mambo hayo yalianza kugeuka hatua kwa hatua. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika Pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Waliopata uhuru hawakupewa shamba, nyumba wala fedha za kuanzia maisha. Wengi walijitafutia riziki kwa vibarua, kwa kuuza vyungu na vyakula, na kwa kusuka ukili. Je, kwa senti zile chache walinunua nini, chakula kikiisha kupatikana? Wanawake wengi walinunua kanga.

Kanga ilikuwa nguo mpya zamani zile. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya leso kabla havijakatwa, wakaviunga pamoja kuwa nguo moja pana. Neno leso lina asili ya Kireno, na mpaka leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo zilizopigwa chapa zikiwa tayari za upana ule, na zile za awali zenye madoa meupe ziliwakumbusha watu ndege aitwaye kanga. Hivyo ndivyo jina lilivyopatikana. Viwanda vya Ulaya, na baadaye vya Bara Hindi na Japani, vilipiga chapa nguo hizo, lakini aliyeamua ipi ipendwe na ipi iachwe alikuwa mwanamke wa Pwani. Maua yaliyokuwa yakigombewa msimu huu yaliweza kukataliwa msimu ujao, na mwenye duka akabaki na marobota yake. Mwanamke ambaye jana hakuwa na haki ya kuchagua nguo yake mwenyewe, leo chaguo lake lilijulikana hata kwa wenye viwanda walio ng'ambo ya bahari.

Kanga ina sehemu tatu. Pindo huizunguka pande zote. Mji ni uwanja wa katikati. Na jina ni maneno yaliyoandikwa karibu na pindo la chini. Katika Mombasa yasimuliwa kuwa desturi ya kuandika majina ilianzishwa na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Mwanzoni majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikatumika. Kwa maneno hayo mke aliweza kumwambia mume, jirani kumwambia jirani, na mama kumwambia binti yale ambayo ulimi uliona haya kuyasema.

Shiraa nayo ilitoweka. Watumwa walipokuwa hawako tena, hapakuwa na wa kulibeba hema. Katika miaka ya mwisho wa karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20, buibui jeusi lilienea katika miji ya Pwani. Siku hizi mabuibui mengi hushonwa kwa namna nyingine, lakini la zamani lilikuwa vazi pana ambalo mwanamke alijitanda mwenyewe kwa mikono yake. Bibi aliyezaliwa katika jumba na mwanamke ambaye mama yake alikuwa mjakazi sasa waliweza kupita njia moja, kila mmoja amevaa buibui, na mpita njia asijue yupi ni yupi. Hayo yalikuwa mapinduzi, ingawa hayakupigiwa ngoma wala mizinga.

Walakini kicheko hakikuisha. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto katika ukoo wa watumwa. Alikua akifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, na sauti yake ikamfikisha mahali ambapo hakuna mwimbaji wa kike wa nchi yake aliyekuwa amefika. Huyo ndiye Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha wasifu wake. Mahasidi walipokosa kosa katika sauti yake, walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki. Jibu la Siti lilikuwa wimbo pia: alisema kwamba sura nzuri na nasaba kubwa si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Alikufa mwaka 1950. Majina ya waliomcheka hayakumbukwi na watu. Jina lake lingaliko.

Kwa kuwa vijana huniuliza mara kwa mara jinsi ya kuvaa na kujipamba, nitasema machache niliyojifunza katika historia hii, maana yanafaa zaidi kuliko maneno ya matangazo ya biashara.

La kwanza ni usafi. Makungwi na masomo waliowafunza wasichana wa Pwani walianza na maji kabla ya manukato. Liwa husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, ikapakwa mwilini. Udi hutiwa juu ya makaa katika chetezo, na nguo safi ikafukizwa. Asumini hutungwa ikavaliwa kichwani au kifuani. Hayo yote huzidisha uzuri wa mwili uliooshwa. Udi haufuti jasho la jana.

La pili ni kujua unachokinunua. Ununuapo doti ya kanga, soma jina lake kabla ya kutazama maua, hasa ukiwa wataka kumtunukia mtu. Wako watu waliogombana kwa zawadi ambayo mnunuzi hakuisoma. Kisha ikate vipande viwili sawasawa, uikunje pindo na kuishona, na uifue kabla ya kuivaa ili ukavu wa dukani uondoke. Vivyo hivyo ujue unachokipaka mwilini. Wanja mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Piko nyingine zina dawa kali ya rangi iwezayo kuunguza ngozi. Hina ya majani, isiyochanganywa na kitu, imewatosha mabibi zetu kwa muda mrefu.

La tatu ndilo kubwa. Usijipambe kwa kuikana asili yako. Ziko krimu za kujichubua ngozi ambazo ndani yake mmeonekana zebaki, na zebaki hudhuru figo. Lakini madhara yake hayaanzi katika figo. Huanza katika fikira kwamba rangi uliyozaliwa nayo ni alama ya unyonge, kama vile kaniki ilivyofanywa kuwa alama ya unyonge. Waliotoka utumwani walibadili nguo. Hawakuona haja ya kubadili ngozi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi jaza ndani kwanza.

Narudi kwenye darasa langu. Kengele ilipolia, mmoja wa wasichana wale wawili alibaki nyuma, akaishika kaniki akaipima kwa viganja vyake. Akaniuliza, "Mwalimu, kumbe nguo hii ilikuwa na kosa gani?"

Nilimjibu kwamba nguo haikuwa na kosa lolote. Wako wazee wanaoivaa shambani hadi leo, na ikifuliwa na kukunjwa vizuri ina haiba yake. Ubaya ulikuwa katika mkono uliomvisha mtu bila kumwuliza, na katika kinywa kilichomcheka baadaye kwa kuwa aliivaa. Alifikiri kidogo, akaikunja kaniki ile kwa utaratibu, pembe juu ya pembe, akaiweka juu ya kanga, akatoka.