Kimbilio la Watoto wa Askari pale Chelsea

Katika darasa letu la tafsiri tuliwapa wanafunzi jina la jengo moja la London walitafsiri: Royal Military Asylum. Wengi waliandika kwamba ni hospitali ya askari wenye wazimu. Hatukuwalaumu. Waingereza wenyewe waliliacha jina hilo mwaka 1892, kwa kuwa kufikia wakati huo neno Asylum lilikwisha kuwafikirisha watu juu ya vichaa. Lakini jengo lilipowekwa, maana yake ilikuwa mahali pa kukimbilia, na waliokimbilia humo walikuwa watoto. Tumeona tuwasimulie wasomaji wetu habari zake.

Jengo hilo liko Chelsea, karibu na barabara ya King's Road. Ni la enzi ambayo wanahistoria huiita ya akina George, yaani kati ya 1714 na 1830, wafalme wanne wa jina hilo walipofuatana katika kiti cha Uingereza. (Isichanganywe na nchi ya Georgia, kama alivyofanya mwanafunzi mwingine.) Tangu mwaka 1793 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Askari wa kawaida aliyeoa aliweza kuwa na mke na watoto waliofuatana na kikosi. Akifa, hao walibaki hawana chakula wala makazi. Mwaka 1801 Mfalme George wa Tatu alitoa hati ya kuanzisha nyumba ya watoto hao, na tarehe 19 Juni mwaka huo mwanawe Frederick, Duke wa York na mkuu wa majeshi, aliweka jiwe la msingi. Watoto wa kwanza waliingia mwaka 1803. Nafasi zilikuwa za wavulana 700 na wasichana 300. Jirani tu palikuwa na nyumba ya askari wazee, iliyokuwapo tangu karne ya 17. Basi mtaa mmoja ulitunza vikongwe wa jeshi na yatima wake.

Mchoraji wa ramani alikuwa John Sanders, mwanafunzi wa John Soane. Kuta ni za matofali ya London yenye rangi ya manjano, na madirisha yamepangwa sawasawa kama askari kwenye gwaride. Mbele kuna baraza lenye nguzo nne nene za mtindo wa Kidoriki, na juu yake yaliandikwa maneno ya kuueleza umma kwamba nyumba ni ya watoto wa askari wa jeshi la kudumu. Ndani, wavulana walikaa upande mmoja na wasichana upande mwingine. Kwa maoni yetu, ukiondoa baraza lile, hii ni kambi ya jeshi iliyopunguzwa kimo.

Kwetu sisi walimu, jambo kubwa zaidi ni jinsi watoto hao walivyosomeshwa. Kasisi mmoja wa Uskoti, Andrew Bell, alisimamia shule ya yatima wa askari huko Madras, India, kuanzia 1789. Huko aliwaona watoto wa Kihindi wakiandika herufi kwa kidole mchangani, naye akaiga. Kwa kuwa walimu hawakutosha, aliwaweka wanafunzi waliotangulia wawafundishe wenzao, wale tunaowaita monita. Mwaka 1797 alichapisha maelezo ya njia hiyo, na miaka michache baadaye ikaanza kutumika Chelsea. Kwa hiyo shule ya mfalme ilikuwa ikifuata utaratibu uliotoka koloni, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwaka 1846 papo hapo pakaanzishwa chuo cha kufundisha walimu wa jeshi.

Shule ilihamia Dover mwaka 1909. Nyumba ikawa makao ya askari wa akiba, ikaitwa Duke of York's Headquarters, hadi ilipouzwa mwaka 2000 kwa kampuni ya familia ya Cadogan, wenye ardhi kubwa mtaani hapo. Ukarabati uliacha sura ya nje ilivyokuwa, ila ndani vyumba vikapakwa rangi nyeupe, na Oktoba 2008 Saatchi Gallery ikafungua milango humo na maonyesho ya sanaa mpya ya China. Mwaka 2014 zililetwa kazi za wasanii wa Afrika na Amerika ya Kusini. Ibrahim Mahama wa Ghana alifunika kuta za chumba kizima kwa magunia yaliyoshonwa pamoja, magunia yaliyobeba kakao na mkaa.

Tunakiri kwamba ukarabati huo umeliokoa jengo. Kambi nyingi za zamani zimebomolewa. Lakini kuta nyeupe hazimwambii mgeni kwamba hapo walilala watoto elfu moja.

Turudi darasani. Tafsiri tuliyoipendekeza ilikuwa "Kimbilio la Kifalme la Watoto wa Askari". Mwanafunzi mmoja aliikataa. Alisema wavulana wengi walitoka humo wakaingia jeshini, kulekule kulikowafanya yatima, hivyo neno kimbilio si sahihi. Yeye angeandika "malezi". Tulibishana naye mpaka kengele ikalia, na bado hatujakubaliana.