Mimba, Mchere na Munganga: Historia Fupi ya Lugha katika Elimu ya Afya Dzaleka

Neno "mimba" halihitaji kamusi kwa msomaji wa jarida letu. Hata hivyo, tukivuka Ziwa Nyasa na kuingia Malawi, neno hilo linabadilika. Kwa Kichewa, mimba ni tumbo, na kuhara huitwa "kutsegula m'mimba". Vivyo hivyo, "mchere" kwa Kichewa ni chumvi, wala si mchele. Kwa mwanaisimu hii ni mifano mizuri ya darasani. Kwa mama ambaye mtoto wake anaharisha, ni jambo la uhai. Kipindupindu kilichozuka Malawi mwezi Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700. Msemaji wa Kiswahili anayesikia tangazo la Kichewa kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba onyo la "mimba" ni la wajawazito, naye akaendelea na shughuli zake.

Wasemaji wa Kiswahili nchini Malawi si wachache. Kambi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa 40 na ushei kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafanywa makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lilongwe nako kilisikika katika maduka ya wakimbizi, hadi mwaka 2023 serikali ilipowaamuru warejee kambini. Wala lugha hii si ngeni huko: katika karne ya 19 ilizungumzwa Nkhotakota, kwenye mji wa akina Jumbe kando ya ziwa.

Katika makala haya tunajiuliza: nyenzo za kufundishia afya zilisafirije hadi kufika mahali kama hapo, na lugha ilipewa nafasi gani safarini?

Tuanzie kwenye kitabu. David Werner aliandika mwongozo wake wa tiba kwa Kihispania, kwa ajili ya wanavijiji wa milimani huko Meksiko. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1977, na baadaye kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Jambo la kuzingatia ni ruhusa iliyowekwa ndani yake: yeyote aweza kunakili na kurekebisha yaliyomo kulingana na mahitaji ya mahali pake, mradi asiuze kwa faida.

Wazo hilo liliingia katika kompyuta miaka 25 baadaye. Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, lilipatikana jina la nyenzo huria za elimu, na mwezi Desemba mwaka huo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons. Kabla ya muongo ule kwisha, Chuo Kikuu cha Michigan na OER Africa walikuwa wakishirikiana na vyuo vya Ghana na Afrika Kusini kutengeneza masomo huria ya afya. Dzaleka nayo ilifikiwa. Kuanzia mwaka 2010 wakimbizi walisoma humo stashahada kwa intaneti, chini ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, kwa mpango wa Wajesuti.

Basi, suala la ruhusa lilipata ufumbuzi, na suala la mitambo likaanza kupata wake. Lugha ikabaki nyuma. Masomo hayo ya Regis yalikuwa kwa Kiingereza. Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu, kilichoanzishwa Lilongwe mwaka 1979 na kuunganishwa mwaka 2021 katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya cha Kamuzu, kimefundisha kwa Kiingereza. Muuguzi husoma kwa Kiingereza na kumhudumia Mmalawi kwa Kichewa. Mgonjwa aliyetoka Uvira humfikia kwa njia ya mkalimani, kama yupo.

Juhudi za kutumia Kiswahili zimekuwapo. Mwaka 2012 shirika la Translators without Borders lilifungua kituo cha mafunzo Nairobi, na makala za tiba za Wikipedia zikatafsiriwa kwa Kiswahili. Kabla ya kutafsiriwa, makala hizo zilirahisishwa kwanza katika Kiingereza chenyewe. Hatua hiyo ni funzo kwetu, kwani tafsiri sahihi ya sentensi ngumu huzaa sentensi ngumu.

Lakini Kiswahili kipi? Siku moja tuliandika ubaoni: "Munganga alinipiga shindano, akanipatia vinini." Darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja akauliza mgonjwa alishindana na nani. Kwa msemaji wa Kivu, sentensi hiyo haina kichekesho: daktari alimchoma sindano, akampa vidonge. Yatupasa kukiri kwamba sisi wenyewe tumepitisha kalamu nyekundu juu ya maneno ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mbaya zaidi, mkalimani asiye makini aweza kugeuza "munganga" kuwa "sing'anga", ambaye kwa Kichewa ni mganga wa kienyeji.

Kwa hiyo kurekebisha nyenzo ni zaidi ya kutafsiri. Tuchukue maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayeandika "kijiko" tu hajamaliza kazi, maana kijiko cha kulia wali hubeba chumvi mara tatu ya kile cha chai, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Picha ya kijiko chenyewe itasaidia. Sauti ya mtu wa Dzaleka akisoma maelezo hayo katika simu itasaidia zaidi, kwa kuwa wengine hawasomi. Kisha msikilizaji aombwe kueleza kwa maneno yake atakachofanya. Huo ndio mtihani wa tafsiri.

Mwezi Agosti 2019 SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tulishangilia, na haikuwa vibaya. Lakini lugha ya mikutano ya marais ina deni kwa mgonjwa aliye kwenye foleni Dzaleka. Tunawaomba wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu waanzie hapo: wakusanye maneno ya afya ya wasemaji wa Kongo na Burundi, wayapange kando ya Kiswahili sanifu na Kichewa, na orodha hiyo waitoe bure. Nasi walimu tuisahihishe bila kukimbilia kalamu nyekundu.