Mchanga wa Wahiba ulivyoingia kwenye majarida ya sayansi

Anayetoka Ibra kwenda Sur, mashariki ya Oman, huuona mchanga wa Wahiba upande wake wa kulia muda mrefu kabla hajafika Al Kamil wal Wafi. Kwa wenyeji wa eneo hilo la Sharqiyah, wakiwemo wengi wenye jamaa Unguja na Pemba, hayo ni mandhari ya kila siku: ramla, yaani mchanga wenyewe, ngamia na miti ya ghaf. Ramla hiyo ina urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kama 80. Msafiri Wilfred Thesiger aliivuka mwaka 1949 akiwa na Mabedui, akaandika aliyoyaona. Lakini simulizi ya msafiri haimwezeshi mtu mwingine kurudi na kuhakiki.

Nafasi ya kuhakiki ilianza kupatikana mwaka 1975, serikali ya Oman ilipoanza kutoa Journal of Oman Studies. Jarida hilo lilichapisha makala za mambo ya kale, historia na maumbile ya nchi. Kando ya matoleo ya kawaida kulikuwa na ripoti maalumu: ya kwanza, ya 1977, ilihusu utafiti wa mimea na wanyama uliofanywa mwaka 1975, ya pili, ya 1980, ilihusu milima ya Dhofar.

Zamu ya mchanga ikafika mwaka 1986. Royal Geographical Society ya London, kwa ushirikiano na Oman, ilipeleka wataalamu wa ardhi, mimea, wanyama na maisha ya watu. Walifuatilia mwenendo wa upepo na vilima vya mchanga, wakachunguza maji yaliyo chini ya ardhi na ukungu wa alfajiri unaotoka Bahari ya Arabu. Ukungu huo huacha umande kwenye majani, nao ni kinywaji cha viumbe wengi mahali ambapo mvua inaweza kukosekana miaka kadhaa. Waliorodhesha takriban aina 150 za mimea, wakakusanya karibu vielelezo 16,000 vya wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Upande wa mashariki wa mchanga waliuchunguza msitu wa ghaf, mti ambao mizizi yake hushuka mbali kuyafuata maji, na ambao Mabedui hupumzika chini ya kivuli chake na kulisha mifugo majani yake.

Matokeo yalitoka mwaka 1988 katika Ripoti Maalumu ya 3 ya jarida lile lile, mhariri akiwa Roderic Dutton.

Mwaka 2004 zamu ilikuwa ya jarida la Sedimentology. Dirk Radies, Frank Preusser na wenzao walieleza humo umri wa mchanga wenyewe. Njia yao inastaajabisha. Punje ikizikwa gizani hujilimbikizia nishati kutoka kwenye mionzi hafifu ya mawe yanayoizunguka. Jua likiipiga, akiba hiyo hufutika. Kwa hiyo sampuli haitakiwi kuguswa na mwanga njiani, na maabara hufanya kazi kwenye taa nyekundu hafifu. Punje zikishamulikwa hutoa mng'ao mdogo mno ambao jicho halioni, na kihisi ndicho kinachoupima. Kadiri mng'ao unavyozidi, ndivyo punje ilivyokaa chini ya ardhi muda mrefu zaidi.

Kwa vipimo hivyo ilionekana kuwa mchanga mwingi ulipeperushwa kutoka sakafu ya bahari enzi za barafu, bahari ilipopungua kwa zaidi ya mita 100 na kuacha pwani pana wazi. Ndiyo maana upande wa kusini mchanga umejaa vipande vya magamba ya viumbe wa baharini.

Kihisi peke yake hakimalizi ubishi. Kabla ya kuchapwa, makala kama hiyo husomwa na wataalamu wengine, nao huuliza sampuli ilichukuliwa wapi na hesabu ilifanywaje. Baada ya kuchapwa, yeyote anaweza kuipinga kwa vipimo vyake.

Mwanafunzi wa Al Kamil anayetaka kujua kama miti ya ghaf inapungua ana pa kuanzia: ripoti ya 1988. Kilichobaki ni kwenda kuhesabu upya, kisha kuchapisha, ili atakayekuja baada yake naye apate cha kubishana nacho.